Sinema ya Kuchekesha, na Mpwa Wangu Hakucheka

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 nilifunga safari kutoka Mombasa hadi Migori kwa jambo la kheri. Dada yangu, mkubwa wangu kwa tumbo moja, aliolewa Kendu Bay zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na binti yake wa pili alikuwa ameposwa na kijana wa Migori. Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache. Aliponipigia simu alisema tu, "Njoo umtazame kijana. Wewe ndiwe mjomba." Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Mjomba akiitwa katika posa haendi kula pilau peke yake. Huenda kutazama na kusikiliza, akarudi na neno.

Neno nililorudi nalo lilitokana na sinema, na ndiyo sababu naliandika hapa badala ya kulinyamazia kama mambo mengine ya nyumbani.

Kwa asiyeijua nchi ile, Migori ni mji wa njiani. Barabara inayoupitia inashuka hadi Isebania, na ng'ambo ya mpaka ni Sirari ya Tanzania. Upande wa Awendo ni mashamba ya miwa, upande wa Kuria ni tumbaku, na huko Nyatike watu huchimba dhahabu. Kila kitu hupita Migori, na filamu nazo zimepita. Mwenyeji wetu aliniambia kwamba siku za santuri za video, vichekesho vya King Majuto wa Tanga, Allah amrehemu, aliyefariki Agosti 2018, vilikuwa vikiuzwa stendi ya mabasi kando ya mahindi ya kuchoma, na watoto wa Kijaluo wakijifunza Kiswahili cha Tanga kwa kumwigiza yule mzee. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko pilau, ingawa pilau yenyewe ilikuwa nzuri.

Tulikutana nyumbani kwa shangazi yake kijana. Kijana mwenyewe ana duka la vipuri vya pikipiki, si mlevi, anaswali, na aliniamkia kwa adabu hata nikaanza kumpenda kabla sijamwuliza lolote. Wanaume tulikaa ukumbini. Wanawake walikaa chumba cha ndani, mlango wazi, pazia limefungwa nusu ili waweze kuona televisheni. Baada ya chakula watoto wakaweka filamu.

Ilikuwa ni *Coming to America* ya Eddie Murphy, ya mwaka 1988, ambayo nadhani ni vigumu kupata nyumba yenye televisheni nchini Kenya isiyowahi kuiona. Lakini hii haikuwa ya Kiingereza kitupu. Ilikuwa imetiwa maneno na msimulizi, mmoja wa wale vijana wanaofasiri filamu kwa Kiswahili cha mtaani na kutia chumvi yao wenyewe. Mwenye jina kubwa katika kazi hiyo hapa Kenya ni DJ Afro. Tanzania alivuma Lufufu, na Uganda amevuma VJ Jingo anayesimulia kwa Kiganda. Huyu wa Migori sikulijua jina lake, lakini ulimi wake ulikuwa mwepesi.

Kisa chenyewe ni cha mwana wa mfalme wa nchi ya kubuniwa iitwayo Zamunda, aitwaye Akeem. Siku ya kuozwa analetewa msichana aliyefundishwa tangu kuzaliwa namna ya kumtumikia. Akeem anamvuta kando, anamwuliza apenda nini. Msichana anajibu kwamba apenda chochote akipendacho yeye. Chakula gani? Chakula akipendacho yeye. Basi Akeem, kwa kuchoka, anamwambia abweke kama mbwa, naye anabweka. Anamwambia arukeruke kwa mguu mmoja, naye anaruka. Hapo msimulizi wetu akapaaza sauti juu ya kule kubweka: "Huyu sasa ndiye mke!"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Nami nilicheka, sitaki kusema uwongo. Yule kijana alifuta machozi kwa kiganja akaniambia, "Wallahi mjomba, siku hizi hawapatikani hao."

Dada yangu alinyoosha mkono kupitia pembeni mwa pazia akanigusa bega. "Wewe wacheka," akaninong'oneza, "mwenzio hacheki." Nikageuka kidogo. Mpwa wangu alikuwa ameshika gilasi ya maji ya matunda, akiitazama televisheni kama mtu anayesoma hesabu ya duka iliyozidishwa.

Filamu iliendelea. Akeem anakwenda New York, mtaa wa Queens, anaficha ufalme wake, anafanya kazi ya kufagia katika hoteli ya vyakula vya haraka ili apate mwanamke atakayempenda yeye wala si mali yake. Anampenda Lisa, binti ya mwenye hoteli. Na kila Lisa alipofungua kinywa, msimulizi alimtia maneno ya pesa. Akimtazama Akeem, basi anamkadiria mfuko. Akinyamaza, basi anapiga hesabu. Tulipofika mahali siri inapofichuka kwamba mfagiaji ni mwana wa mfalme, msimulizi akatangaza, "Sasa mtaona mwanamke na pesa!"

Kutoka nyuma ya pazia, bila kupaaza sauti, mpwa wangu akasema, "Mbona anayeikimbilia pesa ni baba yake?"

Ukumbi ulinyamaza, kwani ndivyo ilivyo. Anayebadilika ghafla kwa utajiri ni mzee McDowell, baba wa msichana, ambaye jana alimwona Akeem si kitu na leo anamtandikia zulia. Ndiye huyo huyo aliyetangaza karamuni kwamba binti yake amekwisha kuchumbiwa na mtoto wa tajiri wa mafuta ya nywele, kabla binti mwenyewe hajasema ndiyo. Lisa alikasirika akatoka. Na alipojua kwamba Akeem ni mfalme mtarajiwa hakumrukia shingoni. Aliumia kwa kuwa amedanganywa, akamkataa hata alipojitolea kuuacha ufalme. Alirudi mwishoni kwa hiari yake. Yote hayo yamo katika filamu, macho yetu yaliyaona, lakini masikio yalikuwa yameazimwa na msimulizi.

"Mambo ya sinema hayo," alisema kijana, akacheka kidogo. Lakini nilimwona amelisikia.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nimeandika juu ya filamu miaka mingi, na sikupata kulifikiria jambo moja lililo wazi kama jua: katika filamu hizi za kusimuliwa, mwanamke husema kwa sauti ya mwanamume. Midomo ni yake, maneno si yake. Katika zote nilizozisikia mimi, msimulizi ni mwanamume, na wanaomsikiliza katika vibanda vya video, kutoka Migori hadi Likoni, ni wanaume. Si ajabu basi mwanamke wa humo awe anapenda pesa, na mwanamume awe mjanja anayekimbizwa. Ni kama kesi iliyosikizwa upande mmoja.

Hata filamu zisizosimuliwa zina shingo hiyo hiyo ya kugeukia upande mmoja. Mwaka 2000 Wamarekani walitoa kichekesho, *What Women Want*, ambamo Mel Gibson anapigwa na umeme bafuni kisha akaanza kusikia mawazo ya wanawake. Filamu nzima ni ya mshangao wake. Nilipoitazama nilijiuliza kwa nini pahitajiwe umeme wakati angeweza kuwauliza. Hapa kwetu, katika *Papa Shirandula* iliyoanza mwaka 2007, marehemu Charles Bukeko alikuwa bawabu aliyejifanya mtu wa ofisini. Akeem anaficha utajiri, Papa anaficha umaskini, na kicheko kinatoka mahali pamoja: mwanamume ana mfuko, mwanamke anataka kujua uliomo. Tukaambiwa kwamba hiyo ndiyo tofauti ya mume na mke.

Sitaki msomaji adhani nazichukia filamu hizi. La hasha. Nzuri kuliko zote zilizopata kutengenezwa, kwa maoni yangu, ni ya zamani sana, *It Happened One Night* ya mwaka 1934, iliyozoa tuzo tano kubwa za Oscar. Binti ya tajiri anamtoroka baba yake, anakutana na mwandishi wa gazeti asiye na kazi, na safari inawalazimu walale chumba kimoja. Wanafunga kamba katikati, wanatundika blanketi, kila mmoja upande wake. Kwa mtu wa pwani hilo si jambo geni, hilo ni pazia. Na kwa kuwa pazia lipo, inawabidi waseme. Mwanamume anajigamba kwamba anajua kusimamisha magari barabarani kwa kidole gumba, anatoa somo zima, magari yanampita. Mwanamke anasimamisha la kwanza, kwa njia yake ambayo ukurasa huu hautaieleza. Mwaka ule ule, kuanzia Julai, sinema za Marekani ziliwekewa sheria kali za maadili, na watungaji waliozuiwa kuonyesha mengi wakalazimika kuwapa mume na mke ndimi za kupigania. Vichekesho vya miaka iliyofuata vimejaa wanawake wasemao sana na kusema vizuri. Siku hizi hakuna cha kuzuiwa, na wanawake wamebaki kuvaa.

Marehemu mama yangu alikuwa mpenzi wa sinema za Kihindi. Alikwenda Mombasa alasiri, katika maonyesho ya wanawake watupu, yale ambayo watu wa Unguja waliyaita zanana. Filamu aliyoisimulia mpaka uzeeni ni *Bobby* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1973: kijana wa kitajiri anampenda binti ya mvuvi, na baba yake kijana anamtuhumu mvuvi kwamba amemtumia binti yake kama chambo cha kunasia mali. Sisi wanaume tuliosikia habari za filamu ile tulikumbuka nyimbo na nguo za Dimple Kapadia. Mama alikumbuka ile tuhuma. Alisema mlemle ndani ya sinema, wanawake watupu walipoisikia, walipiga mafyozi kama mvua. Mwaka 1994 mtafiti mmoja, Minou Fuglesang, alichapisha kitabu kuhusu wasichana wa Lamu na mambo yao ya ujana, zikiwemo video za Kihindi walizokusanyika kutazama, na nilipokisoma nilimkumbuka mama na mafyozi yale. Mwanamke akitazama filamu bila mwanamume pembeni, hutazama filamu nyingine.

Na ili nisimwonee msimulizi wa Migori, nitaje mfano wa mtu aliyejua kuvaa sauti isiyo yake. Asubuhi, tukinywa chai, wazee wa pale walianza kumkumbuka Mzee Ojwang' wa *Vitimbi*. Kila aliyekuwa na redio ya picha miaka ile anamjua, yeye na Mama Kayai wake, hata wengi wakadhani ni mume na mke kweli. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, akafariki Julai 2015, na kwa miongo mitatu Kenya nzima ilimchukua kuwa mzee wa Kijaluo. Nilimwuliza mzee mmoja kama hawakuudhika. "Tuudhike kwa nini?" alijibu. "Alitusikiliza kwanza." Tena mbele yake alikuwapo Mary Khavere, Mama Kayai, mwenye mdomo wake mwenyewe. Ojwang' hakupata kushinda ugomvi kwa kuwa mwenzake amefungwa kinywa. Alipewa jibu, na nusu ya kicheko kilikuwa katika jibu hilo.

Tuliondoka Migori mchana. Matatu ilifika Rongo, ikakata kushoto kwetu na kushuka kwa Rodi Kopany hadi ziwa lilipoonekana. Homa Bay wakati huo ilikuwa na gavana mwanamke, Gladys Wanga, aliyechaguliwa Agosti 2022, wa kwanza katika kaunti ile. Bado sijaona kichekesho kinachomhusu mwanamke kama huyo bila kumtafutia mume asiyemtii.

Kendu Bay ni mji ambao mtu wa pwani hapotei. Upo msikiti wa Tawakal, upo ukoo wa Waislamu wa Kijaluo na wa waliotoka pwani wakaoana nao, na adhana inasikika juu ya maji kama kwetu. Kwa chakula cha jioni dada yangu alitupikia omena kwa nazi aliyoletewa kutoka Mombasa. Ndipo shemeji akanieleza kilichokwamisha posa. Kijana amekubali yote. Ana sharti moja: binti akiolewa aache kazi ya ziwa.

Hapo sharti niseme kazi hiyo ni nini. Mpwa wangu hununua omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, huanika, hutia magunia na kuyapeleka kwa basi hadi soko la Kongowea. Ameifanya tangu amalize shule na ndiyo iliyomsomesha mdogo wake. Kijana anaiona kazi hiyo si ya heshima kwa mke wa mtu. "Mimi nitamlisha," aliniambia Migori, na alisema kwa moyo safi. Nami sikuona kosa. Nikiri hapa kwamba mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilimwambia mke wangu maneno hayo hayo kuhusu cherehani yake. Miaka miwili baadaye nilipoachishwa kazi, ile cherehani niliyotaka iuzwe ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba miezi saba. Mke wangu hajapata kunikumbusha. Ningependa angenikumbusha mara moja tukaimaliza.

Alfajiri, baada ya sala, nilifuatana na mpwa wangu hadi mwaloni, upande wa Homa Bay. Mwalo ni neno la wenzetu wa Tanzania. Wajaluo husema bichi. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi hueleza taa juu ya maji, samaki wakaifuata nuru, wakazungushiwa wavu. Kunapopambazuka mashua hurudi, na wakati huo ufuko umekwisha kujaa wanawake wenye mabeseni. Hawazungumzi sana. Kila mmoja anaitazama mashua yake ikiwa bado doa.

Sikujua nitazame wapi, kwani nilikwisha kusikia neno jaboya, nalo sitalieleza kwa kirefu katika ukurasa unaosomwa na watoto. Yatosha kusema kwamba samaki wakiwa haba, fedha peke yake haimtoshi mwanamke kupata fungu. Baadhi ya wanaume wa mashua hudai na kisichouzwa. Jambo hilo limeleta maradhi na mayatima katika ziwa lile, na si siri.

"Mjomba," alisema mpwa wangu, macho yake ziwani, "juzi mlicheka kwamba sisi twapenda pesa. Nani asiyeipenda? Lakini samaki yumo ndani ya mashua, na mashua ni ya mwanamume. Nikimchekea mwenye mashua, wasema namfuata kwa mali. Nisipomchekea, narudi na gunia tupu. Sasa niambie, hiyo ni tabia ya mwanamke au ni tabia ya mashua?"

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe alikuwa na kinga: hununua kwa mzee mmoja rafiki wa baba yake, kwa fedha mkononi, na hana neno na mtu. Lakini mzee yule amechoka na wanawe wanataka kuiuza mashua. Baada ya hapo, alisema, hajui atanunua kwa nani na kwa sharti gani. Akanikumbusha habari za kina mama wa Nduru, upande wa Kisumu, ambao mwaka 2011 walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wavue. Walidumu na kazi ile miaka kadhaa. Mashua nyingine zilichakaa, na mwaka 2020 maji ya ziwa yalifurika yakakimeza kijiji. "Lakini miaka ile," akasema, "hakuna aliyewadai kitu. Wanaume ni wale wale, na wanawake ni wale wale."

Sentensi hiyo ndiyo niliyorudi nayo. Nimezisoma hoja nyingi za watu wakubwa juu ya tofauti za mume na mke katika sinema, na hakuna iliyonikaa kama hiyo.

Tuliporudi nyumbani dada yangu alikuwa akichagua mchele. Nikamweleza. Akacheka, akanisimulia kisa alichofundishwa na mama mkwe wake mwaka alipoolewa, kisa ambacho kila mtoto wa Homa Bay anakijua, cha Nyamgondho wa Nyandiwa huko Gwassi. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja wavu wake ukamtoa kikongwe majini, hana umbo wala uzuri. Alitaka kumrudisha ziwani, kikongwe akamwomba amchukue nyumbani. Akamchukua akamwoa. Tangu siku ile ng'ombe wakajaa zizini, mbuzi wakajaa, Nyamgondho akawa tajiri, akaongeza wake na pombe. Usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana yule bibi kwamba si kitu, alimwokota tu majini. Bibi hakujibu. Alichukua njia ya ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata, na mbuzi wakafuata, na kuku nao wakafuata mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akatumbukia. Nyamgondho akabaki amesimama ufukoni, ameegemea fimbo yake, na hapo akageuka mti.

Alipofika kwa wale kuku dada yangu alicheka mpaka akakohoa, na jirani aliyekuwa akipita uani, mama wa Kijaluo aliyekuwa amekisikia kisa hicho tangu utotoni, akasimama akacheka naye. Kwangu mimi kile ni kisa cha kutisha. Kwao ni kichekesho, na wanajua hasa pa kuchekea. Nani aliyewahi kusema kwamba mwanamke hana mali ila ya mwanamume? Ziwa lile lilikwisha kulijibu hilo kabla ya sinema.

Jioni tulikaa wanne: shemeji, dada yangu, mpwa wangu na mimi. Nikasema nitampelekea kijana neno gani? Mpwa wangu akasema hataki kuvunja posa. Kijana anampenda, naye anampenda. Ila mahari ni haki yake mwenyewe, si ya baba wala ya mjomba, na anayo mahari anayoitaka. Hataki seti ya kitanda wala bangili. Anataka wavu mmoja wa omena, taa sita za kuvulia, na fedha za kununua fungu la mashua ya yule mzee pamoja na wanawake wawili wenzake. Ziwani hatakwenda yeye, watakwenda wavuvi wa kuajiriwa. Kazi itabaki, na kijana hatakuwa na la kuonea haya mwaloni.

Dada yangu alimtazama mumewe. Nami nilimtazama. Shemeji alinyamaza kitambo, akizungusha tasbihi, kisha akasema, "Bi Khadija alikuwa na misafara." Hakuongeza.

Nilirudi Migori peke yangu. Kijana nilimkuta dukani, mikono imejaa grisi. Nilimweleza mahari moja baada ya nyingine, nikimtazama uso, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa. Kwanza alidhani namfanyia mzaha. Kisha akauliza, "Na mashua ikipata hasara?" Nikamjibu kwamba vipuri vya pikipiki navyo hupata hasara. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, taratibu, vidole vyote. "Mjomba," akasema, "siku ile kwa shangazi alipouliza lile swali, nilikwenda kuitazama filamu tena. Peke yangu. Niliondoa ile sauti ya msimulizi." Nikamwuliza aliona nini. "Lisa hasemi mambo ya pesa hata kidogo," akasema, kana kwamba ni habari ya kunipa mimi. Kisha akaniuliza kama najua duka la Homa Bay linalouza nyavu kwa bei ya haki.

Nikaha ilifungwa Kendu Bay katika mwezi wa Shaaban, Februari 2024. Waliharakisha ili wavu uanze kazi mapema, kwani kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena husimamishwa. Nilikuwapo. Shekhe alipofika penye mahari alisoma, akasimama, akavua miwani akaifuta, akasoma tena: wavu mmoja, taa sita. Akamgeukia shemeji kwa sauti ndogo, akamwuliza kama karatani hakukosea kuandika. Kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nilikisikia kicheko cha mpwa wangu kikitangulia vya wengine wote.